Minyoo ya Tumbo katika Nyumba za Wenye Ulemavu wa Akili

Somo kwa waalimu, wazee wa sharika na wote watunzao wagonjwa



Mwezi huu twataka kujifunza jambo lisilotajwa sana kanisani wala mezani, yaani minyoo na vijidudu vingine vya tumbo. Hatutasema juu ya minyoo kwa jumla, bali juu ya minyoo katika nyumba zile ambamo watu wenye ulemavu wa akili hulala, hula na kutunzwa pamoja. Huenda mtu akauliza, Hili si jambo la madaktari? Latuhusu nini sisi? Twajibu hivi: wengi wa watu hao hawawezi kusema kwamba tumbo lawauma. Asiyeweza kujisemea ahitaji jirani wa kumsemea, na kazi hiyo Mungu ameiweka juu ya kanisa lake.

Tena kazi hii si ngeni kwetu. Mwaka 1867 nyumba ya wenye kifafa ilifunguliwa karibu na mji wa Bielefeld katika nchi ya Ujerumani. Nyumba hiyo ikaitwa Bethel, na tangu mwaka 1872 ikaongozwa na mchungaji Friedrich von Bodelschwingh. Watumishi waliotoka Bethel ndio waliotumika Lutindi katika milima ya Usambara, ambako makao ya watoto waliookolewa utumwani yaligeuka, mwanzoni mwa karne ya 20, kuwa nyumba ya wagonjwa wa akili. Ugonjwa wa akili ni jambo moja. Ulemavu wa akili, ambao mtu huzaliwa nao au huupata utotoni, ni jambo lingine. Walakini watu wakaapo wengi chini ya paa moja, minyoo haiulizi ni nani mwenye hili na ni nani mwenye lile. Basi yatupasa kujua.

1. Vijidudu vyenyewe na njia zake

Shirika la Afya Duniani lahesabu kwamba watu zaidi ya bilioni 1.5, karibu mmoja katika kila wanne duniani, wana minyoo ienezwayo kwa udongo. Kwa hiyo mwenye minyoo asionewe haya, maana ni ugonjwa wa mataifa mengi. Lakini vijidudu vya tumbo havipiti njia moja. Yafaa tuvigawe mafungu mawili, na mgawanyo huu ndio ufunguo wa somo letu lote.

Fungu la kwanza ni minyoo ambayo hainabudi kupita katika udongo. Jike la chango, ule mnyoo mrefu wa mviringo, laweza kutaga mayai 200,000 kwa siku moja. Lakini yai lililotoka na kinyesi leo halimdhuru mtu leo; lahitaji kukaa katika udongo wenye unyevu majuma mawili au zaidi, ndipo liwe tayari kumwingia mtu kwa kinywa. Vivyo hivyo mayai ya mnyoo mwembamba wenye umbo la mjeledi, ukaao katika utumbo mpana. Mayai ya safura nayo hutotoa mabuu katika udongo, na mabuu hayo humwingia mtu kwa kutoboa ngozi ya miguu isiyo na viatu, kisha minyoo ikakaa tumboni ikinyonya damu.

Fungu la pili ni vile visivyongoja udongo. Amiba na giadia hutoka na kinyesi vikiwa tayari saa ile ile kumwingia mtu mwingine. Vijidudu kumi tu vya giadia vyaweza kutosha kumpa mtu ugonjwa wa kuhara. Katika fungu hili imo pia ile minyoo midogo myeupe, kama vipande vya uzi, imsumbuayo mtoto usiku. Jike hutoka nje wakati mtoto amelala, akataga mayai kwa maelfu juu ya ngozi. Baada ya saa chache yako tayari. Mtoto hujikuna, mayai yakashika kucha zake, na yale yaangukayo katika shuka na nguo yaweza kuishi majuma mawili hata matatu.

Kuna na mnyoo mmoja usioingia sawasawa katika mafungu haya, nao ni wa kuogopwa kuliko mingine. Madaktari huuita strongiloidi. Humwingia mtu kwa ngozi kama safura, lakini mabuu yake yaweza kutoboa utumbo wa mtu yule yule na kuanza safari upya pasipo kutoka nje. Hivyo haufi pamoja na kizazi chake cha kwanza. Askari wa Uingereza waliotekwa na Wajapani na kulazimishwa kujenga reli kati ya Siam na Burma, mwaka 1942 na 1943, baadhi yao walikutwa wangali nao zaidi ya miaka 30 baadaye, ingawa walikuwa wamekwisha kurudi katika nchi ya baridi.

Sasa angalieni. Choo kizuri na viatu miguuni vyafunga njia ya fungu la kwanza. Lakini fungu la pili lapita kutoka mkono hata kinywa, hata ndani ya bweni lenye sakafu ya saruji na choo cha maji. Kwa sababu hiyo twasema kwamba katika nyumba ya watu wengi choo kizuri ni mwanzo wa kinga, wala si mwisho wake.

2. Sababu za nyumba hizi kushikwa kuliko nyingine

Mtu aweza kudhani kwamba wenye ulemavu wa akili wana miili idhoofikayo upesi kwa minyoo, au kwamba uchafu ni tabia yao. Sivyo. Zipo sababu zinazoonekana kwa macho, nazo ni hizi.

Kwanza, wingi wa watu. Vitanda vikigusana, na shuka zikichanganywa, yai la mmoja ni la wote.

Pili, baadhi yao hula udongo, matambara na vitu visivyo chakula, na wengine hutia mikono kinywani mchana kutwa. Hawafanyi hivyo kwa ukaidi. Akili yao haikupambanua bado kati ya kilicho chakula na kisicho chakula, au hawana kitu kingine cha kushika.

Tatu, wengine hawajafundishwa kwenda choo, au miili yao haiwezi kujizuia. Huvaa winda kama watoto wachanga, nao ni watu wazima. Kazi ya kuwasafisha ni nzito, na yarudi mara nyingi kwa siku.

Nne, uchache wa watunzaji. Mwanamke yule yule amwoshaye huyu aliyejichafua ndiye aitwaye mbio kumlisha yule. Akiwa na watu wengi, na maji yako mbali, atanawa lini? Hatumlaumu yeye. Twataka kuonyesha kwamba mikono miwili imepewa kazi ya mikono kumi.

Tano, ugonjwa wakaa muda mrefu bila kujulikana, maana mwenyewe hasemi. Kila siku ipitayo huwaambukiza wenziwe, tena na watunzaji wenyewe, ambao huchukua vijidudu hata nyumbani kwa watoto wao.

Tazameni sababu hizi tano. Mbili, ya pili na ya tatu, zahusu mwili na akili ya mgonjwa. Nyingine ni za nyumba: wingi wa vitanda, uchache wa mikono, na kutokuwako wa kumwangalia asiyesema. Na hata hizo mbili zapungua nguvu pakiwapo mtu wa kutosha wa kumfundisha, kumpa kitu cha kuchezea, na kumpeleka choo kwa saa zake. Kwa hiyo minyoo katika nyumba hizi ni ushuhuda. Haishuhudii dhambi ya mgonjwa wala ya mama yake, bali yashuhudia jinsi nyumba ilivyopangwa.

3. Mfano wa Willowbrook

Mambo haya si ya nchi maskini tu. Katika Marekani, nchi yenye mali na madaktari wengi, serikali ya jimbo la New York ilifungua mwaka 1947, katika kisiwa cha Staten Island, nyumba kubwa iliyoitwa Willowbrook, kwa watoto na watu wazima wenye ulemavu wa akili. Ilikusudiwa watu 4,000. Kufika mwaka 1965 walikuwamo zaidi ya 6,000. Mwaka huo Seneta Robert Kennedy aliitembelea, akatoka akiishutumu hadharani.

Tangu mwaka 1956 madaktari wakiongozwa na Saul Krugman walikuwa wakifanya humo majaribio juu ya homa ya ini, wakiwaambukiza watoto kwa makusudi ili wajifunze njia za ugonjwa ule. Watu walipowalaumu, Krugman aliandika mwaka 1971 kujitetea. Hoja yake ilikuwa kwamba watoto hao wangeipata homa ya ini hata hivyo, kwa kuwa imeenea katika nyumba. Akaongeza kwamba katika wodi yake walikingwa na magonjwa mengine yaliyojaa mabwenini, yaani kuhara damu, magonjwa ya vimelea na magonjwa ya kifua.

Ndugu, hoja hii yataka kupimwa vema, maana hata kati yetu husikika kwa maneno mengine. Yule daktari alikiri kwamba minyoo na vijidudu vimejaa katika nyumba. Lakini kukiri kwake hakukuwa mwito wa kuitengeneza nyumba. Kuligeuka kuwa sababu ya kuwatumia wakaao ndani yake. Ugonjwa uliotokana na msongamano ulihesabiwa kuwa fungu la watoto wale, kana kwamba walizaliwa nao. Nasi tukisema juu ya makao fulani kwamba watoto wa pale huhara siku zote, ndivyo walivyo, tumesema neno lile lile.

Mwaka 1972 mwandishi wa televisheni, Geraldo Rivera, aliingia na kamera, na taifa zima likaona watoto wakikaa uchi sakafuni penye uchafu. Daktari aliyekuwa amefanya kazi mle alieleza kwamba mtunzaji mmoja aliachiwa watoto wapatao 50, na kila mtoto alipata kama dakika tatu tu za kulishwa. Mwaka uo huo wazazi walipeleka shauri mahakamani. Mwaka 1975 yakafanyika mapatano mbele ya hakimu kwamba wakaao Willowbrook wahamishiwe katika nyumba ndogo kati ya majirani. Mwaka 1987 Willowbrook ikafungwa. Ulemavu wa watu wale haukubadilika siku walipohamishwa. Iliyobadilika ni nyumba.

4. Kumtambua mgonjwa asiyesema

Mwenye kusema hutuambia. Asiyesema hutuonyesha, nasi twaweza kukosa kuona, kwa sababu kila tendo lake tumekwisha kuliita ulemavu. Hilo ndilo kosa la hatari kuliko yote. Basi jifunzeni dalili hizi.

Mtu aliyekuwa akilala vema, naye sasa ahangaika usiku, ajikuna sehemu ya nyuma, aamka akilia: huenda ana ile minyoo midogo ya usiku. Mtu aliyeanza kukataa chakula, au kujikunja, au kujipiga tumboni, au kuwauma wenziwe pasipo desturi: huenda tumbo lamwuma. Mtu adhoofikaye, mwenye viganja na kope za ndani zisizo na wekundu: huenda safura yanyonya damu yake. Kuhara kwenye damu na makamasi ni dalili ya amiba, au ya mnyoo wa mjeledi ukiwa mwingi, au ya ugonjwa mwingine wa kuhara damu. Na mnyoo wa mjeledi ukizidi sana kwa mtoto, hata sehemu ya utumbo wa nyuma yaweza kutoka nje. Hayo yote ni ya kupelekwa hospitali upesi.

Wengine husema kwamba asagaye meno usiku ana minyoo. Hiyo si dalili ya kuitegemea. Wengi husaga meno wala hawana minyoo, na wengi wana minyoo wala hawasagi meno. Wengine, wamwonapo mlemavu ahangaika usiku, husema kwamba pepo amemshika. Ndugu waalimu, msikimbilie neno hilo. Sala ni njema kila saa, lakini kumwombea mtu aondokewe na pepo, huku minyoo yamtafuna, ni kumwacha jirani njiani. Mwombeeni, kisha mpelekeni akapimwe.

Katika kupima, mjue neno hili. Kinyesi cha siku moja chaweza kuficha ugonjwa, na daktari aweza kutaka cha siku mbili au tatu. Minyoo midogo ya usiku kwa kawaida haionekani katika kinyesi. Mayai yake hutafutwa asubuhi kabla mtoto hajaoshwa, kwa kubandika karatasi ya gundi iangazayo juu ya ngozi na kuitazama kwa darubini. Mtunzaji akilijua hili, hatamwosha mtoto kwanza siku ya kupima.

5. Juu ya dawa

Dawa zipo, tena nyingi si za bei kubwa. Lakini kila kijidudu kina dawa yake. Albendazoli na mebendazoli huondoa chango vema kwa kipimo kimoja. Safura nayo hushindwa, na albendazoli ndiyo bora kwake. Mnyoo wa mjeledi mara nyingi haushindwi kwa kipimo kimoja, wahitaji siku kadhaa. Minyoo midogo ya usiku huuawa, lakini mayai hubaki. Kwa hiyo dawa hurudiwa baada ya majuma mawili. Amiba na giadia zina dawa nyingine, kama metronidazoli. Strongiloidi yahitaji ivamektini, dawa ambayo wavumbuzi wake, Satoshi Ōmura na William Campbell, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015.

Katika nyumba ya watu wengi kumtibu mmoja ni kuteka maji kwa pakacha. Akipona leo, kesho ataambukizwa na mwenziwe wa kitanda cha pili. Kwa hiyo, penye minyoo midogo ya usiku, wote wa bweni hutibiwa siku moja pamoja na watunzaji wao, na siku hiyo hiyo shuka na nguo hufuliwa kwa maji ya moto na kuanikwa juani, na kucha za wote hukatwa.

Tena yako maonyo mawili. La kwanza lahusu wenye kifafa, ambao ni wengi katika nyumba hizi. Uchunguzi uliofanywa katika hospitali yetu ya Haydom, upande wa Mbulu, ulionyesha kwamba baadhi ya wenye kifafa wana malengelenge ya tegu wa nguruwe ndani ya ubongo. Dawa nyingine za minyoo, zikiyafikia malengelenge hayo, zaweza kuamsha kifafa kikali. Basi, hasa mahali pafugwapo nguruwe, mwenye kifafa asipewe dawa ya minyoo pasipo shauri la daktari.

Onyo la pili lahusu strongiloidi. Mnyoo huu waweza kukaa kimya miaka mingi. Lakini mtu akipewa dawa zile zipunguzazo nguvu ya kinga ya mwili, kama prednisoloni, mabuu huongezeka ghafula na kuenea mwili mzima, na mtu aweza kufa. Kwa hiyo mkimpeleka hospitali mtu aliyekaa miaka mingi katika nyumba ya namna hii, mwambieni daktari alikokaa. Neno hilo moja laweza kuokoa uhai wake. Na mtumishi mwanamke mwenye mimba changa asinywe dawa za minyoo kabla hajamwuliza daktari.

6. Utaratibu wa nyumba

Dawa hufuta iliyokwisha kuingia. Utaratibu wa nyumba huzuia itakayoingia. Haya ndiyo ya kutazamwa.

Maji na sabuni viwe mahali pale pale kazi ifanyikapo, yaani mlangoni pa choo, penye kubadilishia winda, na penye kulia chakula. Kama bomba halipo, kibuyu chirizi chatosha, maana maji yake hutiririka, na watu wengi hawachovyi mikono katika beseni moja. Beseni moja la watu kumi hueneza ugonjwa kwa jina la usafi.

Asafishaye asilishe. Ikiwezekana, kazi hizi mbili zigawiwe watu wawili kwa zamu. Isipowezekana, pawe na sheria isiyovunjwa, kwamba katikati ya winda na sahani kuna sabuni.

Kila mtu awe na shuka yake, taulo yake na kikombe chake, vyenye alama aijuayo: rangi, au picha ya ndege, au ya nyota. Wengi wasioweza kusoma jina waweza kujifunza alama.

Maji ya kunywa yachemshwe. Dawa ya klorini ni njema kwa vijidudu vingi, lakini giadia yaweza kuivumilia; moto haivumilii.

Watu wafundishwe. Msiseme kwamba hawa hawafundishiki. Wengi hujifunza kunawa na kwenda choo, wakifundishwa kwa tendo lile lile, saa ile ile, kwa upole, miezi hata miaka. Wimbo mfupi wa kunawa, uimbwao kila siku kabla ya chakula, hufanya kazi kuliko maonyo mia.

Mgeni aingiaye apimwe kabla ya kuchanganywa na wenziwe, na watunzaji wapimwe pia. Mwisho, hesabu ya vitanda isizidi nafasi, wala hesabu ya watu isizidi mikono. Hili ni gumu kuliko yote, maana lataka fedha, na wazee wa halmashauri watauliza zitatoka wapi. Twakiri ni swali la haki. Lakini nyumba isiyoweza kuajiri mtunzaji wa pili, ikapokea watoto kumi zaidi kwa huruma, huruma yake itawapata watoto wote kwa njia ya tumbo. Kuna wakati ambapo kusema, Hatuna nafasi, njoni tutafute njia nyingine, ndiyo huruma ya kweli.

7. Maswali mawili juu ya Neno la Mungu

Wako Wakristo wanaotaja Marko 7, ambapo Mafarisayo waliwalaumu wanafunzi kwa kula bila kunawa, na Bwana akafundisha kwamba kiingiacho kinywani si kimtiacho mtu unajisi. Nao husema, Basi kunawa si kitu. Wamesoma vibaya. Bwana alikuwa akisema juu ya unajisi wa moyo mbele za Mungu, na juu ya watu walioshika desturi ya mikono huku wakiwanyima wazazi wao msaada. Hakusema kwamba kinyesi hakileti ugonjwa. Tena mwisho wa sura ile wampelekea mtu aliye kiziwi, mwenye utasi, asiyeweza kujieleza. Naye amtenga na mkutano, amgusa, na kumponya. Aliyewakemea wenye kunawa kwa kiburi ndiye aliyemgusa asiyesema. Nasi tunaponawa ili tumguse mtu kama huyo pasipo kumdhuru, hatuko pamoja na Mafarisayo.

Na katika Torati, Kumbukumbu 23:12–13, Waisraeli waliamriwa kuwa na mahali nje ya kambi, na chombo cha kuchimbia na kufunikia. Mungu aliyewatoa utumwani hakuona haya kusema juu ya choo. Kwa nini sisi tuone haya?

Swali la pili ni lile la wanafunzi katika Yohana 9: ni nani aliyetenda dhambi, mtu huyu au wazazi wake? Bwana alilikataa swali lenyewe. Hata hivyo laishi bado vijijini mwetu, nalo ndilo limfichalo mtoto mlemavu katika chumba cha nyuma.

8. Kazi ya mwalimu wa usharika

Hapa somo linakuja mlangoni petu. Dawa ya minyoo hutolewa kwa watoto shuleni. Basi mtoto asiyekwenda shule, kwa kuwa wazazi wamwonea haya au shule haikumpokea, aweza kukosa dawa ile mwaka baada ya mwaka. Nduguze wapewa, yeye, alaye udongo kwa kuwa amefungiwa uani, hapewi. Huyo naye yumo katika nyumba ya walemavu, ingawa ni ya mtu mmoja tu.

Ninyi waalimu mwajua milango yote ya mtaa wenu. Mwendapo kuzuru, ulizeni kwa upole kama yuko mtoto mwingine. Mkimwona, msianze kwa kuwalaumu wazazi. Wamechoka, tena wamesikia lawama nyingi. Waambieni siku ya dawa, mwambieni mwalimu wa shule au mhudumu wa afya jina lake, na siku hiyo mwende pamoja nao.

Na kama katika eneo lenu kuna makao ya walemavu, ya kanisa au ya serikali au ya watu wengine, msiende Krismasi tu na sabuni na sukari. Nendeni katikati ya mwaka, siku isiyo ya sikukuu. Ombeni ruhusa kwa mkuu wa nyumba. Tazameni maji yako wapi, na mtunzaji mmoja ana watu wangapi. Mkipeleka zawadi, pelekeni shuka, viatu, sabuni, na mikono yenu ya kufua. Na mkiona jambo baya, msilinong'one njiani. Mwambieni mkuu wa nyumba, kisha wenye mamlaka.

Luther, alipoifafanua amri ya tano katika Katekisimo Ndogo, hakuona kwamba yatosha kutoua kwa upanga. Alitufundisha kwamba yatupasa kumsaidia jirani katika mahitaji yote ya mwili. Mtu aliyeachwa na minyoo kwa sababu hawezi kusema, huyo ni jirani wa amri ya tano.

Maswali ya kuzungumza katika mkutano wa waalimu

1. Ni vijidudu gani vinavyongoja udongo, na ni vipi visivyongoja? Kwa nini choo kizuri hakitoshi katika nyumba ya watu wengi?

2. Yule daktari wa Willowbrook alisema watoto wangeambukizwa hata hivyo. Twasema maneno ya namna hiyo wapi kati yetu?

3. Mlemavu asiyesema atatuonyeshaje kwamba tumbo lamwuma?

4. Kwa nini mwenye kifafa asipewe dawa ya minyoo pasipo daktari?

5. Katika mtaa wetu, ni mtoto gani ambaye hajapata kuletwa siku ya dawa? Ni nani atakayekwenda kwao juma hili?

Tusiliache swali la tano bila jina la mtu. Bwana aliyemtenga kiziwi na mkutano, ili amsikilize asiyeweza kusema, atupe macho yake na mikono safi. Amina.